Mashimo meusi mengi yana njaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna mashimo meusi, yaani vitu vya angani vyenye mvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haiponyoki, yanavyoelezwa kwa wasomaji. Karibu kila habari huyaonyesha kama madubwana yanayomeza kila kilicho jirani, ilhali mengi hupata gesi kidogo mno, na sehemu kubwa ya hiyo kidogo huyaponyoka.

Sagittarius A*, shimo lililo katikati ya galaksi yetu, umbali wa takriban miaka ya nuru 26,000, lina uzito wa majua yapatayo milioni 4. Darubini ya Chandra, iliyorushwa mwaka 1999, ilipolielekea ilikuta eksirei hafifu ajabu: shimo likiwa limetulia, nguvu ya eksirei zake haifikii hata nguvu ya mwanga wa Jua letu moja.

Uhaba wa gesi si sababu pekee. Gesi ikiingia kwa wingi hutandaa kama sahani nyembamba, ikasuguana, ikapata joto na kulitoa karibu lote kwa njia ya mwanga. Ikiwa haba, chembe zake hutawanyika kiasi kwamba protoni, zilizobeba sehemu kubwa ya joto, hazipati wasaa wa kuzigawia elektroni, ambazo ndizo zitoazo mwanga. Hivyo joto hilo ama huzama shimoni pamoja na gesi, ama huisukuma gesi irudi nje. Vipimo vya Chandra vilivyochapishwa mwaka 2013 vilionyesha kwamba chini ya asilimia 1 ya gesi inayonaswa na mvutano wa Sagittarius A* ndiyo hulifikia shimo lenyewe.

Hata hivyo utulivu huo huvunjika. Oktoba 2000 eksirei zake ziliongezeka mara makumi kwa saa chache, na katikati ya mlipuko huo zikafifia na kupanda tena ndani ya dakika 10 hivi. Kwa kuwa hakuna kinachokwenda kasi kuliko nuru, badiliko la haraka namna hiyo haliwezi kutoka katika eneo kubwa; lilitokea karibu kabisa na shimo. Kwangu mimi, huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote katika habari hii, na husahaulika mno.

Nawasihi basi waandishi wa sayansi, kila wanapotaja uzito wa shimo jeusi, wataje pia kiasi cha gesi kinacholifikia.

Msomaji wako