Shukrani kwa Akina Mama Waliomlea Binti Yetu Nilipokuwa Sijitambui

Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya mume wangu, wazazi wetu wa pande zote mbili na jamaa wote, nawasalimu nyote mliotuchangia na kutuombea. Binti yetu yuko nyumbani, hapa Kayole. Ananyonya, analala, na juzi kliniki mizani ilisoma kilo 3.2. Alizaliwa wiki ya 30 akiwa na kilo 1.2, kwa hiyo mtaelewa kwa nini nililia mbele ya muuguzi.

Wengi wenu mlipata nusu ya habari, ile iliyosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp wakati wa mchango. Presha ilipanda, nikashikwa na kifafa cha mimba, nikafanyiwa upasuaji katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, hapa Nairobi. Baadaye nikahamishiwa hospitali nyingine, kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, mtoto akabaki kule. Sikujua kwamba nimezaa. Hata nilipofumbua macho na dada yangu akaniambia, "Una msichana," nilimtazama kama anayenipa habari za jirani.

Nabii Isaya anauliza, katika sura ya 49, kama mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye. Kisha Bwana anajibu mwenyewe: "Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe." Andiko hilo sasa ni la nyumba yetu. Mimi ugonjwa ulinisahaulisha. Mungu hakusahau, na kila alipomkumbuka binti yetu alituma mwanamke.

Wa kwanza kuwashukuru ni akina mama nisiowajua na ambao pengine sitawajua kamwe. Pumwani ina benki ya maziwa ya mama, iliyofunguliwa mwaka 2019, ya kwanza hapa Kenya. Mama anayenyonyesha, akiwa na maziwa ya ziada, hupimwa afya, akakamua na kuyatoa bure. Maziwa hupashwa moto kwa nyuzi 62.5 kwa dakika 30 ili kuua vijidudu, yakagandishwa, yakawekwa kwa ajili ya watoto ambao mama zao ni wagonjwa, hawajapata maziwa, au wamefariki. Binti yangu aliishi kwa maziwa hayo. Mume wangu ananieleza jinsi yalivyoingia: mililita chache tu, kila baada ya saa tatu, kwa mrija mwembamba uliopita puani, muuguzi ameinua bomba la sindano bila kulisukuma, maziwa yanateremka yenyewe taratibu. Kuna mama aliyekuwa na mtoto wake wa kulisha, na bado akaketi kumkamulia wa kwangu. Dada nisiyekujua, popote ulipo Nairobi hii, sina cha kukulipa. Namwomba Mungu mtoto wako asipungukiwe.

Wauguzi wa kitengo cha watoto wachanga, asanteni. Ninyi ndio mliomwambia mume wangu avue shati. Mlimwekea mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, soksi na kofia tu, mkamfunga kwa leso. Naye, mwanamume ambaye ujenzi umemkomaza mikono, akakaa hivyo kwa saa nyingi bila kuthubutu kukohoa. Zamu yake ilipokwisha aliingia mama mkwe wangu. Mama, najua magoti yako hayakuruhusu, na ulikataa kubadilishwa.

Akina mama wa Mothers' Union wa kanisa letu walinishika mimi. Chama hiki kilianzishwa mwaka 1876 na Mary Sumner, mke wa kasisi kule Uingereza, baada ya bintiye kujifungua, naye akikumbuka jinsi uzazi ulivyomlemea alipokuwa kijana. Zaidi ya karne moja baadaye, wanawake wa Kayole walikuja kitandani kwangu na njahi kwenye hotipoti, uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, na kitana. Mmoja alinichana nywele akiimba polepole, nami ndipo nikahisi nimerudi katika mwili wangu. Hakuna aliyenihubiria siku hiyo. Nawashukuru kwa hilo pia.

Shangazi, uliyefunga kibanda chako soko la Gikomba mapema kila siku ili upeleke nguo safi za mtoto. Majirani zetu Waislamu mliotuombea. Vijana mliotoa damu. Kasisi wetu na wazee wa kanisa: tumewaona wote.

Kuhusu fedha. SHA, bima ya afya ya serikali, ililipa sehemu yake, na salio mkalimaliza ninyi. Tulisoma jumbe za M-Pesa moja moja, zikiwemo za shilingi 50 kutoka kwa majina tusiyoyafahamu, na kila jina tulilitaja katika sala. Paybill imefungwa, tafadhali msitume tena. Kiasi kidogo kilichobaki, kwa ushauri wa kamati, kimemsaidia mama mwingine aliyekuwa akisubiri kuruhusiwa kwenda nyumbani na mtoto wake. Mweka hazina ana hesabu yote kwa maandishi, na yeyote aliyechanga anakaribishwa kuiona.

Nina ombi moja kwa mnaonyonyesha: ikiwa Mungu amekujalia maziwa ya ziada, fika Pumwani uulizie namna ya kuchangia.

Ibada ya shukrani itakuwa Jumapili ya pili ya Mei, Siku ya Mama, kanisani kwetu, wakati wa ibada ya Kiswahili. Tutamleta binti yetu mbele za Bwana kama Hana alivyomleta Samweli. Baadaye kutakuwa na chai na maandazi nyumbani. Njooni na watoto.

Ni sisi, Baba na Mama mtoto, pamoja na familia nzima.
Kayole, Nairobi.