Kabla hujanunua ruta mpya, angalia waya unaoingia ukutani

Mwezi uliopita alikuja dukani mama mmoja wa Upanga amebeba ruta ndani ya boksi lake, antena sita zimesimama kama miguu ya kaa aliyepinduliwa chali. Mwanawe alimletea kutoka Dubai. "Baba," akaniambia, "hii ni ya bei kuliko ile ya zamani, lakini intaneti haiji, na simu ya mezani imekufa kabisa." Nikamuuliza ile ya zamani iko wapi. Kumbe alishampa kijana wa vyuma chakavu.

Ruta ya mama haikuwa na kasoro. Ilikuwa nzuri sana, ila ilikuwa ruta tu. Kile kiboksi tunachokiita ruta majumbani mara nyingi ni vifaa vitatu ndani ya ganda moja. Kuna modemu, inayopokea mawimbi kutoka nje na kuyageuza yawe data. Kuna ruta yenyewe, inayogawa intaneti kwa simu, kompyuta na televisheni. Na kama una simu ya mezani, kuna sehemu ya tatu inayobeba sauti. Kilichotoka Dubai kilikuwa na kazi moja kati ya tatu, na mbili zilikuwa zimekwenda na mkokoteni.

Kwa hiyo mteja akija kutuuliza ruta ipi ni nzuri, sisi humuuliza kwanza: ukutani kwako kunaingia nini?

Kama ni waya mwembamba wa shaba wenye kichwa kidogo cha simu, unahitaji kifaa chenye tundu lililoandikwa DSL. Hapo sikushauri umwage pesa. ADSL2+, aina ya DSL inayotumika kwenye waya huo, kikomo chake ni Mbps 24 (megabiti 24 kwa sekunde), na hizo hupatikana ukiwa karibu kabisa na kituo cha simu. Kadiri waya unavyorefuka ndivyo kasi inavyoshuka. Ruta ya kisasa ya Wi-Fi 6 haitaongeza kitu kwenye laini inayoleta Mbps 5. Ulizia kwanza kama faiba imefika mtaani kwenu.

Kama ni faiba, yaani waya mwembamba wa kioo unaobeba data kwa mwanga na kuishia kwenye kichwa cha plastiki, kwa kawaida cha kijani, basi kile kiboksi kinachoupokea huitwa ONT. Hiki usikitupe, usikigawe, hata kikiwa na sura ya kizamani. Mtoa huduma amekisajili kwenye mitambo yake kwa namba ya utambulisho iliyo chini yake. Ukinunua kingine Kariakoo ukachomeka, taa ya PON, inayoonyesha kama kifaa kimepokelewa na mtoa huduma, itapepesa usiku kucha bila kutulia, kwa sababu upande wa pili hawakijui. Na ukiona taa nyekundu ya LOS, mwanga haufiki kabisa. Hapo tatizo ni waya au kichwa chake, na hakuna ruta itakayoliponya. Kichwa cha bluu nacho usikilazimishe kwenye tundu la kijani. Kitaingia, lakini ncha zimekatwa tofauti, na mwanga mwingi utapotea njiani.

Njia ninayoipenda mimi ni kuiacha ONT ifanye kazi yake, kisha unanunua ruta ya kawaida yenye tundu la WAN, yaani la kupokea intaneti, na kuziunganisha kwa kebo ya mtandao. Wi-Fi ya ONT unaizima. Kama kifurushi chako kinazidi Mbps 100, hakikisha tundu hilo ni la gigabiti (Mbps 1000), la sivyo unalipia kasi usiyoiona.

Simu ya mezani ndiyo inayowasahaulisha watu. Kwenye faiba, sauti inapita kama data, na tundu lake, lenye maandishi TEL, PHONE au POTS, liko kwenye ONT. Taarifa za namba yako ya 022 zimewekwa humo na mtoa huduma, na mara nyingi zimefichwa kiasi kwamba hata fundi hawezi kuzinakili. Ndiyo maana unaweza kununua ruta yenye matundu mawili ya simu na yote yakabaki bubu. Kama mtoa huduma hatoi taarifa hizo, simu ibaki palepale ilipo.

Kuna jambo jingine wazee hutuuliza: mbona zamani umeme ukikatika simu iliendelea kuita? Kwa sababu kituo cha simu kilikuwa kinatuma umeme wake, kama volti 48, kwenye waya uleule wa shaba. Faiba ni kioo, haibebi umeme. Ukitaka simu iite gizani, nunua UPS ndogo (betri ya akiba) ya volti 12 na uiwekee ONT, na ruta pia kama unataka intaneti. Kwa nyumba yenye mgonjwa au mzee anayeishi peke yake, ningeanza na hiyo kabla ya ruta mpya.

Wanaotumia ruta ya laini ya simu ya mkononi (SIM kadi) wana mitego yao. Nyingine zimefungwa kwa mtandao mmoja. Zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani zinaweza kukosa masafa ya huku, kama megahezi 800 na 1800, hata kama boksi limeandikwa 4G kwa herufi kubwa. Na zenye tundu la simu hupiga kwa namba ya laini iliyomo ndani. Namba yako ya mezani haitahamia humo.

Wingi wa antena usikutishe. Nyumba ya kuta nene inahitaji ruta kukaa katikati, juu kidogo, siyo nyuma ya televisheni.

Na pengine huhitaji kununua chochote. Ruta ikijizima na kujiwasha, mara nyingi kilichochoka ni adapta yake, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Jaribu adapta nyingine yenye volti zilezile na ampea zisizopungua zilizoandikwa chini ya kifaa. Tunapoteza mauzo kwa kusema hivi, najua.

Kijana wa vyuma chakavu tulimpata mtaa wa pili. Hakuwa ameiuza, maana plastiki haina kilo kwenye mizani. Mama alimpa elfu mbili, na jioni hiyo alinipigia kwa simu ya mezani.

Ukija dukani, njoo na kifaa cha zamani pamoja na adapta yake, hata kama kimekufa. Ukishindwa, piga picha ya karatasi iliyobandikwa chini yake, na picha ya waya pale unapotoka ukutani.