Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: miezi 36 na mjenzi wa kipindi kigumu

Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,

YAH: MASHARTI YA UENDELEZAJI WA VIWANJA WAKATI UCHUMI UNAPOSHUKA

Nakuandikia kwa heshima, nikiwa mkadiriaji majenzi ambaye kwa miaka mingi nimeandaa makadirio ya nyumba za watu wa kipato cha kawaida, Dar es Salaam na Pwani. Ombi langu ni moja. Sharti lililomo katika hati miliki, linalomtaka mmiliki akamilishe ujenzi ndani ya miezi 36, lirekebishwe ili lipime hatua za ujenzi badala ya kuhesabu miezi peke yake, na litambue vipindi ambavyo fedha imekauka nchi nzima.

Sharti hilo limeandikwa kana kwamba mjenzi ana fedha zote mkononi siku anapochimba msingi. Wanaojenga hivyo ni wachache. Riba ya mikopo ya nyumba imekaa katika tarakimu mbili kwa miaka mingi, hata baada ya kampuni ya TMRC kuanzishwa mwaka 2010 ili kuyapa mabenki fedha za muda mrefu, kwa hiyo mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara mdogo hujenga kwa kile anachodunduliza. Mwaka huu anafyatua tofali, mwaka ujao anamwaga msingi, akipokea mgao wa kikoba anainua boma hadi lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, kisha anasubiri. Anachosubiri ni fedha za kupaua, na hapo ndipo wengi wa wateja wangu hukwama, kwa sababu boma unaweza kulijenga kozi kwa kozi kadiri mfuko unavyoruhusu, lakini mbao, bati na mafundi wa paa hulipwa karibu kwa wakati mmoja, na hakuna anayeweza kuezeka nusu ya nyumba akaiacha ikutwe na masika. Ukiona pagale lenye lenta iliyokomaa na nyasi sebuleni, Mheshimiwa, mara nyingi unaona akiba ya miaka mingi ya familia moja.

Katika miaka ya kawaida mjenzi huyu hujikongoja na kufika. Uchumi ukishuka, husimama kabisa. Tuliliona hilo miaka ya 2016 hadi 2018, wakati ambapo mitaani kila mtu alisema vyuma vimekaza. Mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, katika mabenki ilipita asilimia 10 ya mikopo yote mwaka 2017, ilhali kiwango kinachotakiwa ni kisichozidi asilimia 5, na mabenki yakabana mikopo. Wakati huohuo Serikali ilikuwa imeanza kuhamia Dodoma, na wenye nyumba wa Dar es Salaam waliozoea kupangishia ofisi na watumishi wakaanza kutafuta wapangaji. Hata Shirika la Nyumba la Taifa, lenye majengo nchi nzima na Serikali nyuma yake, halikunusurika: ujenzi wa mradi wake wa Morocco Square, pale Kinondoni, ulisimama mwaka 2018 na kuendelea tena mwaka 2021. Silitaji Shirika ili kulilaumu. Nalitaja kwa sababu kusimama huko peke yake kunakaribia muda wote ambao hati inampa mwananchi kuanza na kumaliza nyumba yake, na hakuna mtu mwenye busara aliyependekeza kwamba Shirika linyang'anywe kiwanja.

Mwananchi hana kinga hiyo. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alisimama akiwa kwenye lenta, na aliporudi kuendelea aliambiwa na halmashauri yake kwamba kibali chake cha ujenzi kimekwisha muda, aombe upya na alipe upya, kwa michoro ileile na nyumba ileile. Fedha alizokuwa amezitenga kwa ajili ya mbao zikaishia huko. Hakuna hata ofisa mmoja aliyekwenda kulitazama boma.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba muda huu huhesabiwa kwa upande mmoja tu. Mwaka 2008, mwaka uleule dunia ilipoingia katika msukosuko wa fedha, Serikali ilitangaza mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, na wakazi wa kata zilizoguswa wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri fidia. Miaka ikapita, eneo la mradi likapunguzwa, na mwishowe wakala uliokuwa umeundwa kuusimamia ukavunjwa. Watu walikaa katika nyumba zenye nyufa bila ruhusa ya kuongeza hata chumba kipya, na miaka ile hawakurudishiwa na yeyote. Mamlaka inapomsimamisha mwananchi, saa ya hati nayo isimame, na hilo liandikwe katika kanuni.

Najua hofu ya wataalamu wa Wizara, nayo ni ya haki. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, ambao ulitupa maeneo yaliyopimwa kama Kibada, Gezaulole na Bunju, ulionyesha pia jinsi viwanja vinavyoweza kubaki mapori kwa miaka huku wenyewe wakingoja bei ipande. Siombi sharti lifutwe. Naomba pori litofautishwe na pagale. Mwenye pori ambaye hajafyatua hata tofali moja apelekewe ilani ya ubatilisho wa milki kama kawaida, lakini aliyefikia msingi uliokaguliwa, lenta au paa ahesabiwe kuwa ametimiza hatua hiyo, na muda wa hatua inayofuata uanze upya. Kibali nacho kitolewe kwa nyumba nzima, ada ilipwe kwa awamu, na mjenzi anayerejea baada ya kusimama afanyiwe ukaguzi wa nondo zilizokaa nje na mvua, jambo ambalo lina faida kubwa kwa usalama kuliko kumtaka alete tena michoro iliyokwisha kupitishwa. Aliyemaliza vyumba viwili vilivyo salama aruhusiwe kuhamia na kuacha kulipa kodi ya nyumba kwingine, maana kodi hiyo ndiyo bati zake.

Serikali imewahi kuonyesha kwamba inaweza kumsikiliza mmiliki aliyezidiwa: mwaka 2022 ilitoa msamaha wa riba ya malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi kwa waliolipa deni la msingi. Masharti ninayoyazungumzia yamo katika kanuni ambazo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakupa wewe mamlaka ya kuzitunga, kwa hiyo hayahitaji kusubiri muswada bungeni. Wakati kanuni hizo zikiandaliwa, nakuomba uwaelekeze maofisa ardhi wa halmashauri kwamba ilani ya ubatilisho wa milki isitoke kabla mmoja wao hajafika kiwanjani na kuandika alichokikuta.

Wako mtiifu,
Mkadiriaji majenzi, Dar es Salaam