Kwa mpwa wangu, kuhusu vibao vya amadinda, marimba ya Kiganda ya babu yako

Mpwa wangu,

Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa Kiganda chako ulikiacha Kawempe, Kampala, ulipohamia Nairobi, na nakuandikia hadharani kwa kuwa simu zangu hupokei.

Ulisema amadinda ya babu haijatyuniwa. Sikio lako silibishii. Boda boda ikipiga honi, unataja noti kabla haijapita. Lakini sikio la namna hiyo linakumbuka majina tu, na majina yenyewe ni ya mapatano. Hiyo noti ya A ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, unayoilinda ilipitishwa mkutanoni London mwaka 1939. Wafaransa walikuwa wameiweka 435 kwa sheria tangu 1859. Wanaopiga muziki wa kale wa Ulaya huishusha leo hadi 415, karibu nusu toni, na wenye sikio kama lako hutaabika ukumbini huku jirani zao wakistarehe. Tena uzeeni sikio lenyewe huteleza, noti ile ile ukaisikia imepanda. Mi ya kinanda chako nayo iko juu kwa senti 14 (senti 100 ni nusu toni ya kinanda) kuliko ile ambayo kwaya nzuri huiangukia ikiimba bila ala. Hiyo umeizoea, hulalamiki.

Sasa amadinda ya babu. Vibao 12, noti tano kwa kila oktava, yaani kutoka do hadi do ya juu yake, na hatua kati yao zinakaribiana: oktava ina senti 1200, gawanya kwa tano upate 240. Marimba za kweli hupishana kidogo na hesabu hiyo, kila fundi na mkono wake, ila ndiko zinakoelekea. Programu ya kupima noti kwenye simu yako inajua noti 12 za kinanda peke yake. Ukikipa kibao cha kwanza jina la do, cha pili kinasomeka re iliyozidi senti 40, cha tatu kinaangukia kati ya mi na fa, cha nne ni so iliyozidi 20, na cha tano kinaingia kwenye ufa kati ya la na ti. Mshale ukawa mwekundu kila mahali, nawe ukaamini mshale.

Usiku ule wa kuamkia matanga ulishika patasi. Kibao cha pili na cha 7 ukavishusha senti 40, cha tatu na cha 8 senti 80, cha tano na cha 10 senti 60, vyote kwa kuchimba tumbo la kibao katikati. So ukaisamehe, senti 20 zinavumilika, ulisema. Halafu simu ikazima chaji kabla hujafika kibao cha 12.

Asubuhi wazee watatu wakakaa. Omunazi akaanza, omwawuzi akapenyeza mapigo yake katikati, na omukoonezi akasubiri kusikia wimbo unaozunguka kwenye vibao viwili vya chini kabisa, ili aurudie oktava mbili juu, kwenye cha 11 na cha 12. Cha pili kimeshuka, cha 12 kipo palepale. Alipiga mizunguko michache, akaweka vijiti majanini. Hakusema neno. Nawe ukacheka, ukasema, “Mnaona? Nilisema haijatyuniwa.”

Hicho kicheko, mpwa wangu.

Gerhard Kubik wa Austria alipojifunza kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, aliandika kuhusu nyimbo zinazosikika ambazo hakuna mkono hata mmoja unaozipiga: sikio linaokota noti za watu wawili na kuzishona. Hapo ndipo utamu ulipo. Tena wimbo wa amadinda unaweza kuhamishwa kibao kimoja juu, au viwili, nao ukabaki wimbo ule ule, kwa sababu hatua zinakaribiana. Ulipomaliza kazi yako hatua zilikuwa 200, 200, 320, 180, 300. Uhamishe wimbo hapo uone.

Utasema nilikuwapo na sikukuzuia. Nilikuwapo. Lakini msiba ulikuwa na wageni, chakula hakijaiva, na mtu aliyekununulia kinanda cha kwanza angeanzia wapi kukukataza kusikiliza?

Kurekebisha kunawezekana. Tumbo lililochimbwa halijazwi, kwa hiyo sauti inapandishwa kwa kufupisha ncha. Kibao cha sentimita 60 kinataka kupunguzwa karibu sentimita 1.4 ili sauti yake ipande senti 80, na karibu 0.7 kwa senti 40, ukigawanya ncha zote mbili. Kata nusu ya kipimo kwanza, sikiliza, kisha endelea. Ukipitiliza utarudi kuchimba tumbo, na kila ukichimba mlio wenyewe unabadilika, maana sauti ndogo za juu zilizomo ndani ya mlio wa kibao hazifuati mpangilio wa zile za waya wa gitaa. Baada ya kukata, sogeza vigogo vya mgomba vinavyobeba vibao: kibao kilale takriban asilimia 22 ya urefu kutoka kila ncha, vinginevyo kinakufa. Vigogo viwe vibichi. Ukitaka kutumia simu, isome hezi, usisome majina: cha chini kikiwa 200, kinachofuata ni karibu 230, kisha 264, 303, 348, halafu 400. Mwisho zima simu, oanisha oktava kwa sikio. Hapo lako litatufaa, nakiri.

Cha kwanza, cha 6, cha 11, cha nne na cha 9 hukuvigusa, hivyo tuna pa kuanzia. Cha pili na cha 7 shahidi wao ni mmoja, kibao cha 12, ulichoondoka nacho kwenye buti ya gari ukisema utakimalizia Nairobi. Usikiguse. Kitoe kwenye joto, kifunge kwa kitambaa, kitume kwa basi la usiku. Nitakipokea mwenyewe Kampala.

Mjomba wako