Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka: njia zetu tulivu za baiskeli

Wanachama wenzangu wa chama cha baiskeli, wazee wetu, na nyinyi vijana mliojiunga juzijuzi, salaam.

Hesabu atazisoma mhazini. Hatudaiwi na mtu, na hilo linanitosha. Mimi nitazungumzia njia, maana ndizo zilizotukutanisha.

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zilikwenda upande wa Namasagali, hapa kwetu Uganda. Wazee mnaijua habari yake. Reli ya Busoga ilifunguliwa 1912, kutoka Jinja hadi bandari ya Namasagali kwenye Nile, na kutoka pale abiria na mizigo walipanda meli kuvuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua zikazidi, maji yakapanda, bandari ikafurika, na treni ikakosa la kwenda kufanya kule. Kilichobaki ni tuta. Sasa treni haiwezi mlima, kwa hiyo waliojenga tuta lile walikwepa kila kilima walichoweza kukikwepa, na leo mtu mwenye baiskeli ya Roadmaster ya gia moja, keria nyuma na mkungu wa matoke juu yake, anakwenda bila kushuka. Uingereza waliliona hili zamani, wakageuza reli iliyokufa kati ya Bristol na Bath kuwa njia ya baiskeli, kilomita 21 hivi. Uhispania wana mpango wa nchi nzima wa reli kuukuu, Vías Verdes, tangu 1993. Wao walitia lami na vibao. Kwetu kazi ya kufyeka inafanywa na ng'ombe, na wanaifanya vizuri kuliko nilivyotarajia.

Nisiwadanganye lakini. Si tuta lote linapitika. Kuna mahali pamelimwa, kuna mahali pamejengwa. Kwenye karatasi ni ardhi ya reli, ila aliyepanda mihogo pale anataka kula, na kamati yenu iliamua kwamba hatutakanyaga shamba la mtu kwa sababu babu zetu walipanda treni hapo. Tukifika shambani tunashuka, tunaulizia kijia, tunazunguka.

Upande wa Mbulamuti tulimkuta mama mmoja ameanika mihogo juu ya tuta, vipande vyeupe vimetandazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Tukasimama. Akatutazama, akayatazama magurudumu yetu, kisha akachukua ufagio akaisogeza mihogo kidogo, upana wa gurudumu moja na si zaidi. Tukapita mmoja mmoja, tumebana pumzi, kama watu wanaovuka mto juu ya gogo. Wa mwisho alikuwa mimi, na nikamwaga vipande viwili. Akacheka, akaviokota.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana najua limezungumzwa sana pembeni.

Barabara ya maramu, yaani ya udongo na kokoto bila lami, niliyoichora kwenye ramani yetu mashariki ya Buwenge, niliipita mwenyewe Jumapili. Sikukutana na gari hata moja, nikaandika kwa kujigamba: "tulivu kabisa". Kundi likaenda siku ya kazi, wakati wa kuvuna miwa. Malori yalifuatana, miwa imezidi kingo pande zote mbili, vumbi likiwa zito mtu haoni mgongo wa mwenzake. Lori moja likampunguzia mwenzetu nafasi mpaka akaingia mtaroni, na halikusimama. Goti lilipona, usukani haukupona. Nimeulizwa kwa nini nisimtaje mwenye lori. Hata nikimtaja, aliyewapeleka pale ni mimi.

Kutokana na hapo tumebadilisha namna ya kuandika njia, na kwangu hili ndilo jambo kubwa la mwaka. Zamani tuliandika mahali tu. Sasa tunaandika na siku na saa. Barabara ile ile ya kijijini ikiwa tupu Jumapili asubuhi huwa na pikapu na boda siku ya mnada kuanzia alfajiri, na jioni hupita watu waliokunywa kidogo. Wakati wa miwa ni barabara kuu, miwa ikiisha inarudi kuwa ya mbuzi na watoto wa shule. (Watoto hao, kwa taarifa yenu, wananiita mzungu. Ni kofia ya plastiki inayofanya hivyo, nimeacha kubishana.)

Somo hilo lilitusaidia kwenye visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria. Kisiwani Bugala magari huja kwa feri, kwa hiyo huja kwa mkupuo. Tulipovuka kutoka Bukakata na kushuka Luuku, madereva wote waliwasha injini pamoja, na vijana wetu wakataka kuondoka nao. Nikawaketisha tukanywa chai. Kikombe kilipoisha vumbi lilikuwa limetua, na tukapata barabara peke yetu kwa muda mrefu, michikichi kushoto na kulia. Malori ya michikichi yapo, msisahau, ila unayasikia mbali.

Safari ya Aprili sitaisimulia yote. Mvua ilitukuta kwenye maramu iliyokwanguliwa upya, tope likajaa kati ya gurudumu na madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Unakwangua kwa kijiti, unapiga hatua kumi, unakwangua tena. Siku hiyo baiskeli ndizo zilizotupanda sisi. Machi hadi Mei mtu asiongoze safari ya maramu bila kumwuliza mwenye boda wa pale hali ya njia.

Kuna waliopendekeza tupite barabara kuu ya Jinja hadi Kampala kwa sababu msitu wa Mabira una kivuli. Jibu langu ni hapana, na mwakani litakuwa hapana. Malori ya kutoka Malaba na Busia, mpakani na Kenya, yanapita pale, na kivuli hakizuii trela. Anayekwenda Kampala afunge baiskeli juu ya taksi.

Wenzetu wa Busia wanadai njia yao, na wana haki: jina boda boda lilizaliwa pale, kwa baiskeli zilizobeba watu kati ya mpaka na mpaka. Tatizo ni kwamba vijia vilivyo kimya kule ni njia za panya, na askari akiona watu wanane na mifuko kwenye keria alfajiri hatauliza kama ni watalii. Tutaongea kwanza na wenyeviti wa LC, yaani mabaraza ya mitaa, na wakubwa wa mpakani. Mpaka hapo, subirini.

Mwakani tunataka kusogea kutoka Namasagali hadi Kagulu, tuupande ule mwamba na kurudi. Wawili watatangulia kuikagua njia, mara moja siku ya mnada na mara moja Jumapili, na nimejitoa kwa ile ya mnada. Aliye na pampu ya chama nyumbani kwake airudishe kabla ya hapo. Tunajua ni nani.