Mkataba wa Waogiek usajiliwe mahakamani

Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji mwenzangu anayepinga serikali kutia sahihi mkataba wa ardhi na jamii ya Waogiek wa Msitu wa Mau. Anasema nchi haiandikiani mkataba na raia wake, kwamba mikataba ni ya nchi na nchi, na tukianza na Waogiek, kesho watakuja Wasengwer na keshokutwa Waendorois, hadi Kenya iwe vijinchi. Mimi nautaka mkataba huo, lakini nakubaliana naye pengine kuliko anavyodhani. Mkataba wa nchi na nchi ndio uliotumaliza sisi Wamaasai.

Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa masjala katika mahakama moja ya Bonde la Ufa. Nilipokea karatasi, nikazigonga muhuri, nikazitia kwenye faili, kisha nikaisaka faili hiyohiyo siku wakili alipodai imepotea. Mtu wa kazi hiyo akisikia kuna mkataba, haanzi kwa kuuliza umeandikwa nini. Anauliza mmoja akiukiuka, mwenzake atamshtaki wapi.

Agosti 1904 wazee wetu, laibon (kiongozi wa kiroho) Olonana akiwa mbele yao, waliweka alama zao kwenye mkataba na Sir Donald Stewart, kamishna wa Waingereza. Wakakubali kutoka Naivasha na malisho ya bondeni ili walowezi waingie, wakagawanywa sehemu mbili, wengine Laikipia na wengine kusini mwa reli. Waliahidiwa njia yenye upana wa nusu maili ya kuunganisha pande hizo mbili, na maili tano za mraba kule Kinangop kwa ajili ya sherehe za tohara. Karatasi ikasema makubaliano yatadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Hata miaka 7 haikutimia. Aprili 1911, Olonana akiwa amefariki mwezi mmoja tu uliotangulia, ukaletwa mkataba wa pili, na huo ulitaka waliokuwa Laikipia nao wahamie kusini.

Legalishu, kiongozi wa Laikipia ambaye hakutaka kuhama, alitafuta mawakili pamoja na wenzake, na kesi ikafika Mahakama Kuu. Hukumu ya 1913 ningependa isomwe na kila anayebishana juu ya jambo hili. Majaji hawakusema kwamba Wamaasai ni waongo, wala kwamba ardhi haikuwa yao. Walisema Wamaasai si raia wa Mfalme bali ni taifa la kigeni lililo chini ya ulinzi wake, kwa hiyo karatasi zile ni mikataba ya mataifa mawili, na mahakama ya hapa haina uwezo wa kuisikiliza. Rufaa nayo ikatupwa mwaka huohuo. Yaani siku ya kutoa ardhi tulikuwa watu wa kutawaliwa, siku ya kuidai tukapandishwa cheo tukawa taifa! Ahadi ni deni, sawa, lakini mdai akifungiwa mlango wa mahakama atalidai wapi?

Ndiyo maana sitaki Waogiek wapewe heshima ya namna ile. Wapewe makubaliano ya Wakenya na serikali yao, yasajiliwe katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, yawe amri ya mahakama hiyo. Tofauti yake nimeiona kwa macho. Ndugu wawili waliokuwa karibu kukatana mapanga kwa ajili ya mpaka wa shamba waliandikiana makubaliano, wakachovya vidole kwenye wino mbele yetu, mmoja akiupangusa wino ule kwenye suruali huku akinuna. Miaka ikapita, mmoja wao akausogeza ua. Mwenzake hakuanza kesi upya. Alikuja dirishani kwangu na nambari ya faili kwenye kipande cha karatasi, na yule wa ua akaitwa kueleza kwa nini asifungwe kwa kudharau mahakama. Ua ulirudi mahali pake kabla ya siku ya kusikilizwa.

Kuna watakaosema Waogiek tayari wanazo hukumu, mkataba wa nini tena? Kweli wanazo. Mei 26, 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao. Juni 23, 2022 ikaamuru walipwe Sh157,850,000, ardhi yao ya jadi ipimwe na wapewe hati miliki ya pamoja. Novemba 2023 nyumba zao zikabomolewa Sasimwani, huku kwetu Narok. Arusha haina dalali wa mahakama wa kumtuma Narok kutekeleza amri yake. Mahakama yetu inaye.

Kuhusu hofu ya vijinchi, Katiba ya 2010 ilishalimaliza jambo hilo. Kifungu cha 63 kinaihesabu ardhi iliyokaliwa jadi na jamii za wawindaji na waokota matunda kuwa ardhi ya jamii. Hakuna bendera hapo wala mpaka wa pasipoti. Wanaodai hati hiyo wanalipa kodi na kupiga kura kama sisi.

Hoja kwamba msitu ukikaliwa utaisha na maji yakauke ni nzito zaidi na siipuuzi, kwa sababu Mto Mara unatoka Mau na mifugo wetu wanaunywa. Lakini tusisahau kwamba mwaka 2001 ni serikali yenyewe iliyoondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki kwenye orodha ya misitu. Mahakama ya Arusha nayo haikukubali kwamba Waogiek ndio walioumaliza msitu ule. Wazee wetu walinunua kwao asali ya pombe ya sherehe, asali iliyotoka kwenye mizinga ya mtarakwa iliyotundikwa juu ya miti (na bado tuliwadharau kwa kutokuwa na ng'ombe, tuseme ukweli). Lakini leo si kila Mwogiek anaishi kwa mizinga. Wapo wanaolima mahindi na viazi kama jirani zao. Kwa hiyo makubaliano yaseme waziwazi wapi panalimwa, wapi hapaguswi kwa jembe, na nani atajibu mti ukikatwa. Mkataba usiombana Mwogiek pia sitauunga mkono.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni nani atakayetia sahihi. Penye ardhi ya kugawiwa, majina huzaliana kwenye orodha usiku, na watu ambao babu zao hawakuwahi kulala Mau huamka wakiwa Waogiek. Tena kuna hatari ya mzee mmoja au mheshimiwa mmoja kuitwa Nairobi, akapewa chai na kalamu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inatusaidia hapa, kwa kuwa inataka daftari la wanajamii na mkutano wao wote, na mwekezaji akitaka ardhi yao, makubaliano naye hayapiti bila thuluthi mbili ya watu wazima. Kipimo hichohicho kitumike kwa serikali. Daftari lisomwe kwa sauti barazani, vijijini kwao, wenyeji wakiwapo wa kusema huyu tunamjua na huyu hatumjui.

Mwisho ni ramani. Nimeona kesi nzuri zikifa kwa sababu mkataba ulisema "kutoka mtoni hadi kilimani" na hakuna aliyekumbuka mto upi. Mpima ardhi aende na wazee, vigingi vipigwe, ramani iambatishwe siku hiyohiyo ya sahihi, na nakala moja ibaki masjala ya Narok, si Nairobi peke yake.

Karani mstaafu wa mahakama,
Narok