Tukishang'oa mrashia na gugu karoti, tuoteshe nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie mimea vamizi katika nyanda kame zilizo chini ya Kilimanjaro na Meru, kuanzia Kahe na Mwanga hadi Simanjiro, Monduli na Longido. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliitumia katika ugani wa mifugo kwenye ukanda huu, na sasa, nikiwa nimestaafu hapa Moshi, bado nafuatilia kwa karibu juhudi za vijiji na halmashauri za kuing'oa mimea hiyo. Juhudi hizo nazipongeza kwa dhati. Hofu yangu ni kwamba nguvu na fedha karibu zote zinaishia kwenye kung'oa, ilhali kinachoamua kama mmea utarudi au hautarudi ni kazi inayofuata baada ya hapo, yaani kuirudishia ardhi nyasi zake.

Nianze na mrashia. Mti huu, ambao wataalamu huuita Prosopis juliflora na majirani zetu wa Kenya huuita mathenge, asili yake ni Amerika, na haukufika Afrika Mashariki kwa bahati mbaya. Nchini Kenya mbegu zake ziliagizwa mwaka 1973 kwa ajili ya kuotesha miti katika machimbo yaliyoachwa wazi karibu na Mombasa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa Baringo, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ili uzuie kuenea kwa jangwa na kuwapatia wananchi kuni. Waliouleta walikuwa na nia njema, wakiuona kuwa dawa ya ardhi iliyochoka. Mwaka 2006 wafugaji wa Baringo waliipeleka serikali yao mahakamani kwa sababu ya mti huohuo, na miongoni mwa vielelezo walivyofika navyo alikuwemo mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake yenye sukari. Ningependa kila anayeandaa mradi wa kurejesha uoto huku kwetu aijue habari hiyo kabla hajaagiza mche hata mmoja.

Nguvu ya mrashia inatokana na mambo mawili. Kwanza, ng'ombe na mbuzi huyapenda mno maganda yake, hasa kiangazi malisho yanapokuwa hayapo. Mbegu hupita tumboni bila kusagika na kutoka na samadi zikiwa tayari kuota, mahali palipo mbali kabisa na mti uliozizaa. Pili, mizizi yake hushuka chini sana kufuata maji, kiasi kwamba mti hubaki kijani wakati migunga imekwisha kupukutisha majani, na ukikatwa juu ya ardhi, kisiki hutoa machipukizi mengi na kugeuka kichaka cha miiba ambacho ng'ombe hawezi kupenya. Mwenye kuukata kwa panga kila mwaka anausaidia kunenepa. Kisiki hakina budi kuchimbwa hadi chini ya shingo ya mizizi, yaani pale shina linapokutana na mizizi, na hiyo ni kazi nzito inayostahili ujira wa haki.

Lakini tujiulize mrashia unaingia wapi. Malisho yenye nyasi za kudumu, zilizoshikana vizuri na zinazopumzishwa, hayampi mgeni nafasi kwa urahisi, kwa sababu mizizi ya nyasi huwahi maji ya mvua na majani yake huufunika udongo. Ardhi iliyo uchi ndiyo inayovamiwa. Na ardhi yetu imekuwa uchi kwa sababu tunazifahamu: njia za kuhamisha mifugo zimezibwa na mashamba na makazi, ng'ombe wanakaa mahali pamoja mwaka mzima, na ukame mkali kama ule wa mwaka 2009, uliowamaliza mifugo wengi Longido na Monduli, unaikuta nyasi ikiwa tayari imeliwa hadi kwenye mzizi. Mvua ya kwanza inaponyesha juu ya udongo wa namna hiyo, cha kwanza kuota ni kile ambacho mbegu zake zilikuwa zimejaa kwenye samadi na vumbi. Kwa hiyo tunapong'oa mrashia kwenye eneo fulani na kuliacha hivyohivyo, tumeirudisha ardhi katika hali ileile iliyomkaribisha.

Gugu karoti, ambalo wataalamu huliita Parthenium hysterophorus, linathibitisha jambo hilo kwa kasi zaidi. Liligunduliwa Arusha mwaka 2010, na leo yeyote anayesafiri anaweza kuliona pembezoni mwa barabara, kwenye viwanja vilivyoachwa na kwenye malisho yaliyochoka. Mche mmoja uliostawi unaweza kuzaa mbegu zaidi ya 15,000, nazo husafiri na matairi, na mchanga na kifusi cha ujenzi, na majani makavu ya mifugo, na maji ya mafuriko. Ng'ombe akilila, maziwa yake huwa machungu. Binadamu akiligusa mara kwa mara anaweza kupata muwasho mkali na vidonda vya ngozi, na chavua yake huwatesa wenye pumu. Hapa nasema kwa uchungu: haifai hata kidogo kuwatoa wanafunzi darasani na kuwapeleka kung'oa gugu hili kwa mikono mitupu, kama ambavyo baadhi ya viongozi wamekuwa wakifanya kwa kudhani kwamba ni majani kama majani mengine. Wang'oaji wawe watu wazima, wapewe glovu na barakoa, waanze kabla halijachanua, na wasilipakie kwenye malori likiwa limezaa.

Nirudi kwenye nyasi, maana ndiyo hoja yangu. Tunazo nyasi za asili zinazostahimili ukame na zinazopendwa na mifugo, kama vile Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba, na kuziotesha hakuhitaji mitambo mikubwa. Udongo ulioshindiliwa na kwato huvunjwa kwanza, kisha yanachimbwa makingamaji ya nusu mwezi yanayotazama juu ya mteremko, ili maji ya mvua yanayokimbia yatulie na kuzama. Mbegu husiwa muda mfupi kabla ya mvua na kufunikwa na udongo kidogo tu. Mbegu zilizotoka kuvunwa mara nyingi huwa zimelala, kwa hiyo ni vyema zikahifadhiwa pakavu kwa miezi kadhaa, jambo ambalo miradi mingi hulisahau kwa haraka ya kutumia fedha kabla mwaka haujafungwa. Juu ya mbegu hutandazwa matawi ya miiba, na hata matawi ya mrashia yanafaa iwapo yamekatwa kabla ya kuzaa maganda, ili mbuzi wasifike kwenye miche michanga. Baada ya hapo ardhi iachwe ipumzike hadi nyasi zenyewe zitoe mbegu. Visiki vya migunga na miti mingine ya asili vilivyo hai ndani ya eneo hilo vipogolewe na kulindwa kwa njia ya kisiki hai, kwa kuwa mizizi yake tayari ipo chini na haingoji kumwagiliwa.

Wala hili si jambo geni kwa watu wetu. Wamaasai wana alalili, malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi, na olopololi, eneo dogo karibu na boma kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu. Wasukuma wana ngitili, yaani malisho yanayotengwa na kupumzishwa vivyo hivyo, na programu ya hifadhi ya ardhi Shinyanga iliyoanza mwaka 1986 ilijengwa juu ya desturi hiyo, hata zikarejeshwa ngitili zenye ukubwa wa zaidi ya hekta 300,000. Upande wa pili wa mlima wetu, huko Kajiado nchini Kenya, vikundi vya wanawake wa Kimaasai vinaotesha nyasi za asili ndani ya uzio, vinavuna mbegu na kuziuza pamoja na majani makavu. Sioni sababu ya akina mama wa Longido na Simanjiro kukosa soko kama hilo, ikiwa kila halmashauri inayong'oa mimea vamizi itanunua mbegu kutoka kwao.

Wapo wanaosema kwamba mrashia ni neema, kwa kuwa unatoa kuni na mkaa, na kwamba tukiutumia sana utakwisha wenyewe. Siwapuuzi, kwani kaya nyingi zinaupata mlo wake humo. Tatizo ni kwamba mchoma mkaa huchagua shina nene na kuacha kisiki, na kisiki hicho, kama nilivyoeleza, hurudi kikiwa kichaka. Matumizi yanaweza kusaidia ikiwa leseni itamlazimisha mkataji kuchimba kisiki, na ikiwa maganda yatakusanywa na kusagwa kuwa sehemu ya chakula cha mifugo, kwani mbegu iliyosagwa haioti. Mifugo iliyokula maganda nayo ifungiwe bomani kwa wiki moja hivi kabla ya kuhamishiwa kwenye malisho safi.

Kuhusu wadudu wanaokula mimea vamizi, nasema kwa kifupi tu kwamba sayansi hiyo ipo. Mbawakawa aitwaye Zygogramma bicolorata, mwenye asili ya Mexico, ametumika dhidi ya gugu karoti Australia na India tangu miaka ya 1980, na sisi wenyewe tuliona wadudu wakipunguza magugu maji Ziwa Victoria. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na yenye makao yake hapa jirani Ngaramtoni, iwezeshwe kuifanya kazi hiyo kwa upana, na kuwaeleza wananchi kwa Kiswahili chepesi imefikia wapi.

Ombi langu kwa halmashauri za mikoa yetu mitatu, Kilimanjaro, Arusha na Manyara, ni hili. Bajeti yoyote ya kung'oa mimea vamizi itenge fungu la mbegu za nyasi, la ulinzi wa eneo na la kurudia kung'oa miche inayochipuka, kwa misimu isiyopungua mitatu ya masika. Kampeni za upandaji miti zinazopelekwa kwenye mbuga za malisho zisipeleke miti ya kigeni inayojulikana kuwa vamizi kwingineko. Wakandarasi wa barabara wawajibike kwa kifusi wanachokihamisha kutoka maeneo yenye gugu karoti. Na taarifa zinazosomwa kwenye vikao vya madiwani zisiishie kwenye ekari zilizosafishwa. Zieleze pia ni ekari ngapi kati ya hizo zimeota nyasi, na mifugo wa nani wanazila.

Wako mtiifu,
Afisa ugani mstaafu,
Moshi, Kilimanjaro.